Simu janja ikiingia ndani, kitochi kisitoke

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, fundi mmoja wa kuchomelea mageti mjini Korogwe alifunga kazi mapema, akapita dukani karibu na stendi, kisha akapanda gari la kwenda Handeni. Mkononi alishika mfuko wenye mkate, nusu kilo ya majani ya chai na boksi jipya la simu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, anaishi kijijini upande wa Sindeni pamoja na mama mkwe wake na watoto wawili: mvulana wa darasa la sita na binti wa miaka mitatu. Baba huyo anafika nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote anakuwa baba wa kwenye simu.

Ndiyo maana aliichukua ile simu. Ni simu ya tachi, kioo kikubwa, kamera mbili nyuma. Hakuwa na fedha ya kuilipia yote, hivyo alitoa kianzio, akasaini, akakubali kulipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Alitaka jioni amwone mkewe usoni, amwone mama yake, na binti amwonyeshe meno mapya.

Nyumbani walipokea zawadi kwa vifijo. Baada ya chakula baba akatoa laini kwenye simu ya zamani ya nyumba, kitochi cha vibonye kilichofungwa mpira nyuma ili betri isidondoke, akaiweka kwenye simu mpya. Akamwambia mama yake, "Mama, hiki sasa kipumzike. Nitampa kijana wangu wa kazini."

Mzee akakishika kile kitochi, akakigeuza. "Kipumzike? Kwani kimekwambia kimechoka?"

Wote wakacheka. Kitochi kikabaki mezani, kwa ajili tu ya kumheshimu mama. Kesho yake mzee akaomba kirudishiwe laini yake ya pili, ile ya mtandao mwingine iliyokuwa imekaa kwenye kopo la vifungo. Kijana wa darasa la sita akairudisha.

Siku hiyo, Jumapili ya tarehe 12 Mei, ilikuwa Siku ya Mama duniani. Baba alikuwa amesharudi Korogwe na gari la asubuhi. Alipanga kupiga simu ya video mchana ili mama apongezwe na wajukuu wakiwa wamemzunguka. Akapiga, kiduara kikazunguka, kikazunguka tena. Akadhani bando limekwisha, akanunua lingine. Akazima simu na kuiwasha. Mafundi wenzake nao walikuwa wanalalamika, ujumbe una alama moja tu ya kijivu.

Mwishowe akapiga ile namba ya pili. Kitochi kikalia mezani Sindeni, na mama mtu akapokea kabla hakijalia mara ya tatu.

Kilichotokea baharini

Tatizo la siku ile halikuwa la Korogwe wala la bando. Mikongo miwili ya intaneti iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Huduma zilirudi taratibu kwa siku kadhaa, kadiri kampuni zilivyopata njia nyingine za kupitisha mawasiliano.

Kwa nini kitochi kililia wakati simu janja imekwama? Jibu ni rahisi, na kila mzazi anafaa kulifahamu. Ujumbe wa WhatsApp kutoka Korogwe kwenda Handeni, mwendo wa kilomita zipatazo 65 kwa lami, hauendi moja kwa moja. Unasafiri kwanza hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni yenyewe, ng'ambo, halafu ndipo unarudi. Simu ya kawaida ya ndani ya nchi inatoka kwenye mnara, inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu hapa hapa nchini, inashuka kwenye mnara wa pili. Mkongo ukikatika baharini, safari ya kwanza inakwama na ya pili inaendelea.

Tukio kama lile halitokei kila wiki. Lakini kuna mambo mengine yanayoizima simu janja, na hayo hayahitaji bahari. Yanatokea sebuleni, kila siku, na ndiyo yaliyokuja kuigusa familia hii mwezi mmoja na nusu baadaye.

Kiwanda kinatufahamu, lakini si chote

Kampuni za simu zimejifunza maisha ya Waafrika kwa bidii. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu aina ya 1100, ile iliyokuwa na tochi kichwani na vibonye vilivyofunikwa mpira ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tochi ile ndiyo iliyotupa jina la "kitochi", na hadi leo simu yoyote ndogo ya vibonye huitwa hivyo hata kama si Nokia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, ilianzishwa kampuni ya China ya Transsion, mama wa Tecno, itel na Infinix. Kampuni hii ililenga Afrika. Iliona kwamba watu wana laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao kwa mtandao kuna nafuu, ikaweka nafasi ya laini mbili katika simu moja. Iliona kwamba umeme ni wa shida, ikaweka betri za kudumu. Iliona kwamba kamera nyingi hazipigi vizuri picha za watu weusi usiku, ikazirekebisha. Ukipita maduka ya simu ya Manundu au Chanika leo, utaona matunda ya utafiti huo yamejaa kwenye vioo vya kaunta.

Kampuni nyingine zinakimbilia kwingine. Januari 2024 Samsung ilizindua simu zake za S24 zenye uwezo wa kutafsiri maongezi wakati watu wanaendelea kuzungumza. Katika lugha 13 za mwanzo, Kiswahili hakikuwemo. Bibi wa Sindeni hakupungukiwa na kitu. Yeye shida yake na simu ni ndogo zaidi, na ni kubwa zaidi: anataka iwepo, iwe na chaji, na ilie akipigiwa.

Hapo ndipo kiwanda kimekosea hesabu kidogo. Simu janja imetengenezwa kwa ajili ya mfuko mmoja. Inafunguka kwa uso wa mtu mmoja au kidole cha mtu mmoja. Nyumba nyingi za Handeni na Korogwe haziishi hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 70, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukizisoma takwimu hizo haraka utadhani kila mtoto ana simu yake. Ukweli wa nyumbani ni kwamba simu moja ina laini mbili, na inatumiwa na watu watano.

Siku moja ya simu moja

Tuitazame ile simu mpya ya Sindeni siku ya kawaida ya mwezi Juni.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama anaiwasha aone muda na kumulika njia ya kwenda jikoni. Saa moja asubuhi binti mdogo anagoma kunywa uji, anawekewa katuni, uji unaisha. Saa nne jirani anakuja kutumiwa fedha na kijana wake wa Dar es Salaam, maana simu yake imeharibika. Saa nane mdogo mtu anaitaka tena, kwa sababu asubuhi alipewa na leo ni siku ileile. Saa kumi kijana wa darasa la sita anarudi shuleni na zoezi la sayansi. Anaingia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure, anasoma kurasa mbili, halafu kidole kinateleza hadi kwenye video za mpira. Saa moja jioni baba anapiga video. Saa mbili binti hataki kulala bila katuni.

Saa tatu usiku simu ina chaji asilimia sita. Umeme umekatika tangu jioni. Nani wa kulaumiwa? Hakuna. Kila mmoja aliitumia kidogo, na kila mmoja alikuwa na sababu.

Nyumba zetu zina taratibu kwa kila chombo cha pamoja. Mtungi wa maji ya kunywa una kata yake na haichotewi maji ya kuogea. Kinu hakikaliwi. Panga halichezewi na mtoto, na likitumika linarudi palepale. Taratibu hizo hakuna aliyeziandika, lakini mtoto wa miaka minne anazijua. Simu janja imeingia ndani kwa kasi, ikapewa kazi za redio, benki, tochi, shule, yaya na gari la wagonjwa, na hakuna aliyekaa chini kuipangia utaratibu.

Usiku wa kichwa kuuma

Wiki ya mwisho ya Juni, mama yule akiwa kwenye mwezi wa tisa, alilala na kichwa kinachomuuma. Alikuwa ameamka nacho tangu asubuhi. Miguu ilikuwa imevimba kwa siku kadhaa, jambo ambalo wajawazito wengi hulizoea, lakini siku ile hata uso ulikuwa umejaa na pete ilikataa kutoka kidoleni. Akameza dawa ya maumivu, akanyamaza.

Saa saba usiku akamwamsha mama mkwe wake. "Mama, naona kama vimulimuli vinapita mbele ya macho."

Mzee hakuwahi kusikia maneno ya kitaalamu, lakini alikuwa amezaa watoto sita na kuzika ndugu yake aliyefariki akiwa mjamzito. Akaamka. Simu janja ilikuwa chini ya mto wa binti mdogo, imezima kabisa. Kitochi kilikuwa kinaning'inia msumarini karibu na mlango, ndani ya mfuko wa kitambaa, pale alipokiweka mwenyewe tangu Mei. Kilikuwa na chaji ya vijiti vitatu. Vocha hakikuwa nayo hata senti.

Namba aliyoibonyeza mjukuu wake kwa mwanga wa tochi ya kitochi hichohicho haihitaji vocha. Ni 115.

Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha kwa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua ili usambae nchi nzima. Anayepokea anauliza maswali machache: mgonjwa ni nani, yuko wapi, mimba ina miezi mingapi, anaona dalili gani. Kwa majibu hayo anaamua uzito wa tatizo na kituo cha kumpeleka, anakitaarifu, na anatafuta usafiri. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa eneo hilo aliyeandikishwa kwenye mfumo, naye analipwa na mfumo wenyewe kwa njia ya simu. Familia haidaiwi nauli.

Mama yule alifika hospitali kabla ya alfajiri. Presha ilikuwa juu sana. Alichomwa sindano ya kuzuia degedege, akapewa dawa za kushusha presha, na asubuhi akajifungua mtoto wa kiume. Baba alipata taarifa saa kumi na mbili, kupitia kitochi alichotaka kumpa kijana wake wa kazini.

Dalili ambazo hazisubiri chaji

Kilichotaka kumpata mama huyo ni kifafa cha mimba. Huja baada ya mimba kufika nusu ya safari, wiki ya 20 na kuendelea, na kinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Pamoja na kutokwa damu nyingi, ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito nchini. Mgonjwa huenda haoni dalili yoyote mwanzoni, ndiyo maana mjamzito hupimwa presha na mkojo kila anapohudhuria kliniki.

Dalili za hatari zinazotaka simu ipigwe palepale ni hizi: kichwa kuuma sana na kutotulia, kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo, degedege, kutokwa damu ukeni, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, homa kali, na mtoto kuacha kucheza au kupunguza kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga ni kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, na kulegea.

Nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna mambo mengi, yakiwemo vituo vya afya kuongezeka na wanawake wengi zaidi kujifungulia hospitalini. Usafiri wa haraka nao una sehemu yake. Lakini usafiri hauji kama hakuna aliyeuita, na hauitwi kwa simu iliyozima.

Si mara ya kwanza simu ndogo kufanya kazi kubwa katika afya ya familia. Novemba 2012 ilipozinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, mjamzito alituma neno moja kwenda 15001 na kuanza kupokea bure ujumbe mfupi wa kumkumbusha kliniki, chandarua na vidonge vya damu, kulingana na umri wa mimba yake. Haukuhitaji bando wala kioo kikubwa. Ulimfikia mwenye kitochi sawasawa na mwenye simu ya milioni.

Swali la kuuliza kabla ya kusaini

Mkopo wa simu umewasaidia wengi. Fundi, mama lishe au dereva wa bodaboda asiyeweza kutoa laki tatu kwa mkupuo anaweza kutoa elfu moja au mbili kwa siku. Lakini simu hizi zina kufuli ndani. Rejesho likichelewa, kioo kinajifunga chenyewe, na mwenye simu anabaki kutazama ujumbe wa kumtaka alipe.

Mnunuzi mwingi huuliza kamera ina nguvu gani na betri inakaa saa ngapi. Mwenye familia anapaswa kuuliza na hili: simu ikijifunga, je, bado inaweza kupiga 115? Inaweza kupokea simu? Muuzaji aonyeshe kwa vitendo, au ionekane kwenye mkataba. Akishindwa kujibu, mnunuzi aichukulie kuwa simu hiyo haitafanya kazi siku asiyokuwa na fedha. Na siku hiyo, kwa kawaida, ndiyo siku ya matatizo.

Baba wa Korogwe naye alichelewesha rejesho mwezi wa Julai, kwa sababu fedha ilikwenda kwenye nguo za mtoto na chakula cha mzazi. Simu ikajifunga siku tatu. Nyumbani walisikitika kukosa video, lakini hawakupotea hewani.

Na yule wa katuni?

Binti wa miaka mitatu hakuzima simu kwa makusudi. Alipewa, akaipokea. Lakini suala lake linahitaji kusemwa, maana ni la nyumba nyingi.

Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, na angalau dakika 180 za kucheza na kutembea kwa siku.

Sababu zake ni za kawaida. Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kujibiwa, na katuni haimjibu. Akila huku anatazama, hasikii tumbo likimwambia limeshiba au bado. Akitazama hadi usiku, usingizi unachelewa na asubuhi ni vurugu. Wataalamu wa macho nao wanahimiza watoto wacheze nje mchana, kwa kuwa kukaa muda mrefu na vitu vya karibu na kukosa mwanga wa nje huongeza hatari ya kutoona mbali.

Mzazi aliyechoka hahitaji kusemwa. Kumpa mtoto simu ili upike ugali bila kuvutwa khanga ni jambo linaloeleweka. Kinachosaidia ni kuipa muda maalumu, kwa mfano nusu saa baada ya kuoga jioni, halafu simu inakwenda kwenye chaji na hadithi inakuja. Sindeni, hadithi ni kazi ya bibi. Wiki ya kwanza binti alilia. Wiki ya pili alilia kidogo. Wiki ya tatu alianza kudai sungura na fisi kabla hata hajaoga.

Utaratibu wa simu ya nyumba

Familia ile haikuandika sheria ukutani, lakini baada ya usiku ule mambo machache yalibadilika, na nyumba yoyote inaweza kuyaiga.

Kwanza, kitochi kina mahali pake. Kiko msumarini karibu na mlango, hakiendi shambani wala gulioni. Kila mtu, hadi mtoto wa darasa la sita, anaweza kukishika gizani.

Pili, kinachajiwa Jumatano na Jumapili, hata kama chaji bado ipo. Kazi hiyo ina mwenyewe: kijana wa darasa la sita.

Tatu, laini yake inatumika. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na mtandao, hivyo baba huipigia kila Jumapili jioni. Pia walibonyeza *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilishwe Januari 2020, kila laini lazima iwe na mwenyewe anayetambulika. Wakagundua moja wasiyoijua, na baba akaenda kwa wakala wa kampuni husika kuiondoa.

Nne, namba za dharura zimeandikwa kwa kalamu nzito kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya msumari: 115 kwa mjamzito, mzazi na mchanga, 199 kwa ushauri wa Wizara ya Afya, namba ya mhudumu wa afya wa kijiji, namba ya bodaboda anayeaminika usiku. Karatasi haiishiwi chaji.

Tano, bibi hatumi fedha kwa ujumbe. Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" humwandikia mara kwa mara. Yeye humpa mjukuu, mjukuu anaupeleka ujumbe 15040, namba ya kuripoti utapeli, na maisha yanaendelea.

Hakuna aliyesema simu janja irudi dukani. Mtoto anasomea, baba anaonana na familia, na mama anaangalia salio bila kumuuliza mtu. Siku moja hata mitambo ya vitochi itazimwa; Marekani, kampuni ya AT&T ilifunga mtandao wake wa kizazi cha pili tangu mwaka 2017. Ikifika huku, kitochi cha msumarini kitabadilishwa na kingine kinachoendana na wakati, na vya 4G tayari vinauzwa. Kinachotakiwa kubaki ni ile nafasi karibu na mlango: simu moja isiyo na katuni, isiyo na mkopo, yenye chaji.

Jumapili jioni, baba akiwa Korogwe, huanza kwa kupiga video. Anamwona mtoto mchanga, anamwona binti, anasimuliwa mtihani wa sayansi. Akimaliza, anapiga tena, safari hii kwenye ile namba ya pili. Mama yake anapokea akiwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Nilikuwa nahakikisha tu."

"Marahaba. Kipo, na hakijachoka."